Mchango kwa Walio Hai

Septemba iliyopita niliporudi kutoka mtoni, jirani yangu mmoja, mtu ninayemheshimu na ambaye nimemfundishia watoto wanne, aliniuliza mbele ya watu barazani: "Mwalimu, wazee watatu, siku nne, mmepata samaki wangapi?" Nikamjibu kwamba tulipata kumi na mmoja, na kwamba tisa kati yao tuliwala huko huko. Baraza lote likacheka. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Watu wa miaka sabini na mitano mnakwenda kuteketeza pesa kwa mchezo, na huku watu wana misiba!"

Nilicheka pamoja nao, maana si adabu kuwanunia wageni kwenye baraza lako mwenyewe. Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri. Sikukasirika kwamba nimesemwa. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba maneno yake yalikuwa maneno yangu mimi kwa muda wa miaka minane, na ninajua yalinigharimu nini. Kwa hiyo hapa nitamjibu yeye, na papo hapo nitajijibu mwenyewe.

Sisi tulikuwa wanne. Tulikutana mwaka 1971 katika chuo cha ualimu pale Morogoro, tukawekwa chumba kimoja, na kwa muda wa mwezi mmoja tu kila mtu alikwisha kupata jina. Mmoja alikuwa Bwana Hesabu, mwingine Bwana Jiografia, na mimi niliitwa Bwana Siasa kwa sababu kila jioni niliwasomea wenzangu gazeti kwa sauti kama vile niko mkutanoni. Wa nne alikuwa Bwana Kilimo, kijana kutoka Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero, mpole, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyeshika jembe na kasia tangu utoto.

Jumamosi tukimaliza usafi tulikuwa tunakwenda kuvua mto Ngerengere. Tulivua visamaki visivyojaza kiganja. Bwana Kilimo alikuwa akitutazama na kucheka. "Huu ndio mnauita mto?" alisema. "Njooni kwetu mkaone maji." Tukaapa, wote wanne, kwamba tukimaliza chuo tutakwenda kwao tuvue Kilombero. Desemba 1972 tukamaliza, Serikali ikatupanga wilaya nne tofauti, na kila mtu akashika njia yake.

Miaka ya kazi siiwekei lawama. Aliyekuwa mwalimu wakati Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1977 anajua ninachosema. Darasa lilikuwa na watoto ambao hukuweza kuwahesabu kabla kengele haijalia. Mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi. Likizo tulirudi makwetu kulima. Nilipopewa shule niongoze, hata likizo yenyewe ikawa jina tu. Basi tuliandikiana barua, na katika kila barua Bwana Kilimo alimalizia kwa kuuliza: "Je, mto mmeusahau?"

Lawama yangu inaanzia mwaka 2010. Mwaka huo wote wanne tulistaafu, maana tulikuwa rika moja. Hatukuwa na kengele tena, wala mkaguzi, wala ratiba. Tangu hapo kila mwezi wa Agosti Bwana Kilimo alitupigia simu. Alituambia tufike Septemba, kwa kuwa masika bonde la Kilombero hufurika na mto hupotea ndani ya ziwa la maji na nyasi. Lakini ikifika Septemba mto umerudi njiani mwake, michanga imetokeza, na samaki wamekusanyika kwenye vina. Alisema yote hayo kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha somo.

Nasi tulimjibu nini? Mwaka 2011 nilimwambia nina mradi wa kuku mia mbili, siwezi kuondoka. Kuku wenyewe walikufa kwa kideri kabla ya Krismasi. Mwaka 2013 nilikuwa ninaezeka nyumba. Mwaka 2014 mjukuu alikuwa anaanza shule. Mwaka 2016 palikuwa na kikao cha kamati ambacho leo sikumbuki kilijadili jambo gani. Bwana Hesabu alisema goti lake halivumilii kiti cha basi kutoka Dodoma. Na sote kwa pamoja tulikuwa na udhuru wa akiba, ambao ni kivuko. Tulisema kwamba kuvuka Kilombero kwa kivuko ni kujitafutia makubwa, ngoja kwanza daraja likamilike.

Daraja likakamilika. Lilifunguliwa mwaka 2018, lina urefu wa mita 384. Bwana Kilimo akanipigia simu, sauti yake ina furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Bwana Siasa, daraja hilo hapo. Mimi mwenyewe nimelipita kwa miguu. Sasa utaniambia nini?"

Nikamwambia: "Septemba, Mungu akipenda."

Bwana Kilimo alifariki Agosti ya mwaka ule ule.

Sasa, ndugu msomaji, naomba utazame vizuri tulichofanya baada ya hapo, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Mimi ndiye mtunza fedha wa kikundi chetu cha waliosoma pamoja chuoni. Habari ya msiba ilipotufikia, katika siku mbili nilikusanya shilingi 1,260,000. Watu waliokuwa hawajapokea simu yangu mwaka mzima walituma mchango kabla sijawaomba. Tulikodi basi dogo, likajaa. Hakuna aliyetaja kuku, wala kikao, wala mjukuu. Bwana Hesabu na goti lake alipanda basi alfajiri kutoka Dodoma, akaungana nasi njiani, akakaa kitini mpaka usiku bila kulalamika hata mara moja. Tukapita Mikumi, tukapita Kidatu na mashamba ya miwa, tukafika Ifakara, tukalivuka daraja. Mimi mto Kilombero nimeuona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la basi, nikienda kumzika mtu aliyenialika kuuona kwa miaka arobaini na sita.

Msibani tuliambiwa kwamba marehemu alikuwa mgonjwa kwa miaka mitatu. Alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu. Hakutuambia kwenye simu, na mimi simlaumu, kwani mambo ya namna hiyo mwanamume wa umri wetu hayasemi kwenye simu wakati mwenzake ana haraka ya kwenda kulisha kuku. Nimejiuliza mara nyingi kama hilo ndilo alilotaka kutuambia tukifika mtoni. Sijui, na sitajua.

Siku ya kuondoka, shemeji yetu mjane alitupa kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na vijiti vinne, kila kimoja kimeviringishiwa mshipi wa nailoni, na ndoano imechomekwa mwishoni. Kila kijiti kimeandikwa kwa kalamu ya wino: Hesabu, Jiografia, Siasa, Kilimo. Alivitengeneza mwaka 2010, wiki aliyostaafu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni jirani yangu aliponiambia kwamba watu wana misiba. Sasa nimjibu hoja zake moja moja, kama tulivyofundishwa chuoni.

Hoja ya kwanza ni ya pesa. Tulipokwenda kuvua kwa mara ya kwanza, Septemba 2019, sisi watatu kwa siku nne tulitumia shilingi 310,000, kuanzia nauli mpaka chumvi. Bwana Hesabu alipiga hesabu ile palepale ukingoni, kwa kijiti, kwenye mchanga. Mchango wa msiba mmoja ungetosha safari nne, na chenji ya shilingi 20,000 ingebaki. Kwa miaka minane tulidai kwamba hatuna uwezo wa kwenda kwa rafiki yetu, kisha katika siku mbili tukapata uwezo huo mara nne. Kumbe pesa zilikuwako. Kilichokosekana ni jeneza la kututoa majumbani.

Hoja ya pili ni ya umri na heshima. Wanasema mzee, tena mwalimu mkuu mstaafu, hastahili kuonekana amekunja suruali anachimbua minyoo. Nami nauliza, heshima hiyo mnayonihifadhia ni ya kufanyia nini? Nikae nayo barazani mpaka mnisindikize? Nimevaa tai kwa miaka thelathini na minane. Nimesimama mbele ya gwaride. Nathubutu kusema nimekwisha kuonekana vya kutosha. Na kama kuna somo ambalo wajukuu wetu wanalihitaji, ni kuwaona wazee wakifurahiana, ili wasidhani kwamba uzee ni ugonjwa wa kukaa na kusubiri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya wajibu. Wanatukumbusha methali: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo ni ya kweli, na mimi nimeifundisha. Lakini sisi tumeigeuza. Tumeisoma kana kwamba inasema rafiki ana kazi wakati wa dhiki tu, na siku nyingine zote hana haja nasi wala sisi hatuna haja naye. Ndiyo maana mtu ambaye hawezi kukosa msiba wa rafiki yake anaweza kukosa miaka minane ya uhai wake, na akajiona ni mtu kamili. Kuna dhiki nyingine ambazo hazipigiwi mbiu, na huwezi kuzijua mpaka uwe umekaa na mtu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi watu waache kuzikana. Jamii isiyozikana imekwisha, na mimi mwenyewe nategemea kwamba mtanizika. Kuchangia msiba kunawasaidia wafiwa, kunawapa chakula, kunawafuta machozi. Ila yeye tuliyemwendea haonji wali ule, wala hasikii risala tuliyomsomea, yenye sifa ambazo hatukuwahi kumtajia mbele ya uso wake. Mimi ndiye niliyeisoma risala ya Bwana Kilimo. Ilikuwa na kurasa mbili. Katika miaka minane ya kustaafu sikumwambia hata nusu ukurasa wake.

Tena kuna jambo ambalo hata wasomi wetu hawaligusi. Mtu anapokaribia kustaafu huitwa semina akafundishwa namna ya kutumia kiinua mgongo: afuge kuku, ajenge vyumba vya kupangisha, anunue pikipiki. Nimehudhuria semina hizo, nami sikumsikia hata mkufunzi mmoja akituuliza: rafiki zako ni nani, wako wapi, na utawaona lini? Tunatoka humo tumegeuzwa kuwa miradi. Mzee asiyekuwa na mradi huonekana amepotea, na mzee mwenye mradi hana nafasi ya mtu yeyote. Kuku wangu mia mbili hawakunifuata mpaka Krismasi. Bwana Kilimo alinifuata kwa miaka arobaini na sita.

Sasa niwaeleze tunafanya nini huko mtoni, maana wengi wanadhani ni ulevi.

Mtoto wa kiume wa marehemu ni mvuvi mwenye leseni. Hutupokea kwa "Shikamooni, baba wadogo," kisha hutuchukua mizigo bila kuomba ruhusa. Tunalala katika kambi ya wavuvi, juu ukingoni, mbali kidogo na maji, kwa sababu mto ule una mamba na viboko, nao hawajui nani alikuwa mwalimu mkuu. Alfajiri ukungu unakuwa umelala juu ya maji, na unasikia viboko wakikoroma kabla hujawaona. Kijana anasukuma mtumbwi kwa upondo, taratibu, mpaka kwenye kina anachokijua yeye. Tunatia chambo, tunatupa mishipi, tunangoja. Wakati mwingine ni kambale, wakati mwingine perege, na siku yenye heri ni kitoga. Saa nyingi si kitu.

Mwaka ule wa kwanza nilitumia mshipi ule ulioandikwa jina langu. Samaki wa kwanza alipovuta tu, ukakatika. Nikafunga ndoano nyingine, ukakatika tena. Kijana akaushika, akaukunja vidoleni, ukavunjika kama jani kavu. "Umekaa sana, baba mdogo," akasema. "Nailoni ikikaa miaka hivi inaoza." Hakuwa na nia ya kunihukumu, ila mimi sijawahi kupewa hukumu iliyo sahihi zaidi. Akatupa mishipi mipya, tukaiviringisha kwenye vijiti vile vile.

Bwana Jiografia hawezi kukaa kimya karibu na maji. Kila mwaka hutufundisha upya: kwamba Kilombero hupokea vijito kutoka milima ya Udzungwa, kwamba mbele huungana na Luwegu na kuwa Rufiji, na sasa ameongeza kwamba maji haya haya yanayopita chini ya mtumbwi wetu huenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, iliyoanza kutoa umeme mwaka 2024. Tunamwambia tumekwisha kusikia. Anasema wanafunzi wazito hurudiwa.

Lakini jambo ninalotaka mlijue lilitokea siku ya tatu ya safari yetu ya mwaka 2022. Tulikuwa tumekaa kimya labda saa nzima, sote tumetazama upande mmoja, kila mtu na mshipi wake. Bwana Hesabu, bila kugeuza shingo, akasema: "Mama watoto hanifahamu tena."

Hatukujibu upesi. Akaendelea polepole. Mkewe alikuwa amepoteza kumbukumbu kwa muda wa miaka miwili. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia, akimwogesha, akifunga milango usiku asitoke. Watoto walikuwa mbali, na aliwaficha, kwa sababu mama yao alikuwa mtu wa heshima zake na hakutaka aonekane hivyo. Safari hiyo alimwacha kwa jirani mmoja, na hata jirani huyo hakumweleza yote. Miaka miwili! Na katika miaka hiyo miwili sisi watatu tulikuwa tumekutana kwenye misiba mitano. Nimeihesabu. Mara tano tulikaa naye turubai moja, tukamuuliza hali ya nyumbani, akajibu "Hawajambo," tukaridhika. Nani atazungumza habari za mkewe aliye hai mbele ya maiti ya mtu mwingine?

Tulirudi kutoka safari ile tukiwa na kazi. Tulimbana mpaka akawaambia watoto wake. Shemeji yetu, mke wa Bwana Jiografia, alikwenda Dodoma akakaa wiki tatu, akatafuta mama mmoja wa kusaidia nyumbani. Ugonjwa haukuondoka, wala hautaondoka. Lakini mtu hayuko peke yake nao tena. Jirani yangu anataka kujua tulipata samaki wangapi. Mwaka ule tulipata sita.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na ninalitoa kwa vikundi vyote vya waliosoma pamoja, waliofanya kazi pamoja, waliokaa kambi moja ya JKT, ambavyo leo vina mtunza fedha na orodha ya simu kwa ajili ya rambirambi tu. Kwa kila shilingi mnayoweka kwa ajili ya kuzikana, wekeni nyingine kwa ajili ya kuonana. Mwaka usipite bila kwenda nyumbani kwa mmoja wenu, zamu kwa zamu, akiwa hai na ana meno ya kucheka. Si lazima uwe mto. Wasio na mto wana shamba, wana bao, wana mwembe. Lakini iwe siku zaidi ya moja, kwa sababu siku ya kwanza watu hudanganyana kwamba hawajambo.

Katika kikundi chetu kanuni hiyo imepita, ingawa kwa ubishi mkubwa. Mjumbe mmoja alisema tunafungua mlango wa anasa. Nilimsomea majina ya wenzetu tuliowazika tangu mwaka 2010, kisha nikamwomba ataje ni wangapi kati yao aliwatembelea katika mwaka wao wa mwisho. Alitaja mmoja. Nami ningeulizwa nisingetaja hata huyo mmoja.

Na jirani yangu nilimrudia kesho yake asubuhi. Yeye naye ana rafiki, wamekuwa JKT pamoja ujanani, yuko Tabora. Haipiti wiki bila kumtaja barazani. Nilimuuliza alimwona mara ya mwisho lini. Akafikiri, akasema: "Tulionana kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja, mwaka 2012." Nikamuuliza nauli ya Tabora ni shilingi ngapi. Akaijua papo hapo, bila kukosea. Mtu asiyekuwa na nia ya kwenda hajui nauli.

Basi sikumwambia maneno mengi. Nilimwambia tu apige simu na ataje tarehe. Asiseme "tutaonana", wala asiseme "siku moja". "Mungu akipenda" ni neno jema, nami ninaliamini, lakini mimi nililitumia kufichia uvivu wangu. Mungu hakuwa amekataa. Alimpa Bwana Kilimo Septemba nane baada ya kustaafu, moja baada ya nyingine, na mto ukiwa umepungua vizuri. Aliyekataa alikuwa mimi.